Vitoto Wenye Mimba

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa soko la samaki kwa gundi ya kutosha kuzuia paa lisipeperuke. Linasema kuanzia leo papa yeyote aliye chini ya mita moja asipasuliwe sokoni, kwa sababu sisi wapasuaji "tunafanya biashara ya watoto wa papa". Tarehe 25 Aprili kutakuwa na kikao. Ikionekana ni kweli, meza zetu zote kumi na moja zitafutwa na pale patajengwa chumba cha barafu. Mstari wa mwisho unasema: "Wapasuaji hawana kumbukumbu zozote za maandishi."

Hawana kumbukumbu. Haya. Nimepita dukani nikanunua daftari la kurasa mia na ishirini na kalamu mbili. Kumbukumbu hizi hapa. Mimi ni mpasuaji papa, meza namba saba, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sokoni wananiita Mama Kisu. Mume wangu alikufa miaka sita iliyopita, naishi na mama yake, na meza ile ndiyo inayotulisha sote wawili. Sijawahi kuuza mtoto wa mtu wala wa samaki. Anayesema nimeuza aje anitazame usoni aseme.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwona aliyeandika tangazo. Mkaguzi mpya, kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata nyama, na kwapani ana rula ndefu ya bati. Kufika saa tatu soko zima lilikuwa limeshambatiza: Bwana Rula. Nilimfuata pale mizanini.

"Bwana mkaguzi, nani kakwambia tunauza watoto?"

"Nyinyi wenyewe, mama. Wiki nzima nimesimama hapo nje nawasikia mnavyoita wateja. Vitoto hapa, vitoto wa leo, njoo uchukue vitoto. Nimeandika na tarehe." Akanifunulia daftari lake. Kweli ameandika.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe kosa ni jina! Papa wa bahari hii wana majina, na kila jina lina sababu yake. Kuna papa nyundo, kichwa kama kilivyo. Kuna papa chui mwenye mistari ubavuni. Kuna yule mvivu anayelala chini mchana kutwa, kuna lile jitu lenye madoa ambalo hatuligusi. Na kuna kitoto: mwembamba, wa kijivu, urefu wa mkono na kiganja, na hapo ndipo amefika, hata umlee kwa maziwa. Jirani yangu ana miaka sitini na anaitwa Mdogo, hakuna aliyemnyima kitambulisho.

"Ni jina tu, mwanangu," nikamwambia. "Kitoto ni mtu mzima."

"Mama, Kiswahili ni Kiswahili. Kitoto ni mtoto mdogo."

"Na kijiko je? Ni mtoto wa jiko?"

Meza namba nane walicheka mpaka kisu kikaanguka. Meza namba nane ni ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na kicheko chake kina kelele kuliko mashine ya barafu. Bwana Rula hakucheka. Alisema ofisini kwao kuna bango lenye picha za papa wote wa pwani ya nchi hii, na kitoto hayupo. Nilete ushahidi, si maneno.

Nitaleta. Hajanijua.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Papa wakubwa wawili tu mezani kwangu. Saa nne nilikuwa nimemaliza, nikawa nasugua meza iliyokwisha kusuguliwa.

Alhamisi, 14 Machi

Dalali ametafuta njia. Ana banda nyuma ya gereji ya injini za mashua, na anapeleka vitoto huko wapasuliwe kimyakimya. Amewaambia wapasuaji wote wanakaribishwa. Dalali huyu ndiye anayetuletea mzigo tangu nianze kazi. Siku ya kumzika mume wangu alibeba jeneza upande wa mbele, mvua ikimnyeshea, na hakubadilishana na mtu. Simsemi vibaya.

Lakini nilikataa. Nikienda kujificha nitakuwa nimekubali kwamba ninalofanya ni la kuficha.

Wifi amekwenda. Juzi tu alikuwa anamcheka Bwana Rula na leo ananyata nyuma ya gereji na beseni kichwani. Nikamwambia yeye ni bendera, hufuata upepo. Akanijibu, "Bendera ina watoto watatu shuleni, wifi." Nikarudi kusugua meza, na hapa naandika kwamba ni mwoga.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Hakuna papa.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nilikuwa nalalamika jikoni, mama mkwe yuko na redio yake sikioni. Meza namba saba ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu. Vidole vimepinda sasa, hata kifungo hawezi, lakini mdomo haujapinda hata kidogo.

"Ushahidi, ushahidi," akasema. "Kwani vitoto wa siku hizi wameacha kushika mimba?"

Nilibaki na mwiko mkononi. Miaka kumi na tisa! Kila msimu huu napasua tumbo la kitoto nakuta ndani wawili, wakati mwingine watatu, wa shubiri moja kila mmoja, wamejipanga kama vijiko kwenye droo. Nawatupa kwenye ndoo na utumbo. Ushahidi wote nilikuwa nao kwenye ndoo, paka wakala.

"Mama, kwa nini hukusema mapema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unamtukana mkaguzi, nikaona unafurahi."

Sasa nataka kitoto mwenye mimba, na sokoni hawaruhusiwi. Wanapatikana kwenye banda la dalali tu.

Ijumaa, 29 Machi

Bado nakataa kwenda bandani. Mvua haikatiki. Tumekunywa chai bila sukari, mama mkwe akasema imempendeza, ambao ni uongo.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda. Acha niandike kama ilivyokuwa, maana nimeapa daftari hili lisiwe la kujisifu.

Ilikuwa saa nane mchana. Banda la bati, joto, harufu ya oili na chumvi. Wapasuaji watano wameinama, hakuna anayeimba wala kutaniana, na sokoni huwa hatunyamazi. Wifi aliniona akatazama chini. Dalali alifurahi, akanishika bega: "Nilijua utakuja, dada. Njaa haina adabu." Akaniwekea beseni la papa thelathini hivi.

Sikupasua. Nilianza kuwaminya matumbo mmoja mmoja. Wa nne alikuwa na tumbo la duara. Nilimweka kando kwenye barafu, nikasema moyoni, Bwana Rula, umekwisha. Wa saba naye hivyo hivyo. Nikawaza tayari jinsi atakavyovuta kola yake mbele ya kikao.

Nikaendelea, nitafute na wa tatu. Na hapo kidole gumba kikafika mahali.

Kila mpasuaji anapajua. Kati ya mapezi mawili ya kifuani, kwa chini, papa wengine wana pahala laini, kama kidonda kilichofunga jana. Hapo ndipo tunapoanzia kisu kwa sababu kinaingia bila nguvu. Papa wa namna hiyo tunawaita wepesi. Asubuhi ukipata beseni lenye wepesi wengi unashukuru, mkono hauumi. Wale wasio na pahala hapo tunawaita wagumu. Miaka kumi na tisa nasema wepesi na wagumu, na sikuwahi kujiuliza wepesi wamepatia wapi wepesi wao.

Wale wawili wenye mimba walikuwa wagumu. Chini ya kifua hawana kitu, ngozi imeshikana. Nikamchukua mwepesi mmoja nikamweka ubavuni mwa mmoja wao. Urefu ule ule. Rangi karibu ile ile. Lakini mwepesi ana kichwa kipana zaidi na ncha za mapezi zimeingia weusi kidogo, kama zimechovywa kwenye wino. Nimeshapasua papa wa mapezi meusi wenye urefu wa kumshinda mwanamume. Nikamgeuza tena yule mwepesi, nikamtazama chini ya kifua, safari hii kwa macho.

Kilikuwa kitovu.

Kitovu kibichi. Nimezaa mara mbili, wameshakua wamehama, najua kitovu cha wiki moja kinavyokuwa. Yule alikuwa mtoto, wa papa mkubwa, amezaliwa juzi. Na beseni lile lilikuwa na kumi na wawili wa namna hiyo.

Bwana Rula alikosea kila kitu isipokuwa tangazo lake.

Nikamwonyesha dalali. Hakushangaa, na hapo ndipo nilipoumia. Akasema, "Wote urefu mmoja, wote jina moja, wote vitoto. Mteja hali kitovu." Nikachukua mmoja mwenye mimba na mmoja mwenye kitovu, nikawafunga kwenye mfuko na barafu nikaondoka. Wifi alinitazama mpaka mlangoni.

Jumatano, 3 Aprili

Leo siandiki.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilimwuliza mama mkwe. Nilitaka aniambie kwamba zamani haikuwa hivi, kwamba wao walikuwa wanawatenga wakawarudisha majini. Alizima redio kabisa, jambo ambalo hafanyi hata taarifa ya habari ikiisha.

"Tulikuwa tunawauza," akasema. "Usinifanye malaika. Tulijua ni vichanga, tukawaita vitoto ili mdomo usituume. Wale wafupi waliokwisha komaa tulikuwa tunawaita jina lingine, hata silikumbuki sasa. Jina likahama."

"Kwa hiyo mlijua?"

"Sisi tulijua tukanyamaza. Nyinyi mkarithi kimya mkadhani ni jina."

Nilikasirika mpaka nikatoka nje kwenye mvua bila viatu. Nilimkasirikia yeye, dalali, na kidole changu gumba. Nimemtukana kijana wa watu mwezi mzima. Mshindani mzuri angalau awe na makosa yote, huyu ana nusu tu.

Samaki wangu wawili nimewaweka kwenye friji ya jirani Mdogo. Amesema mwisho mwezi huu.

Jumatatu, 8 Aprili

Ofisi ya mkaguzi ina kiti kimoja, ndoo inayopokea maji ya paa, na bango. Papa wamechorwa safu kwa safu, na sasa nimeelewa kwa nini hakumwona kitoto: wote wamechorwa urefu mmoja! Jitu lenye madoa na papa wa kuingia kikapuni, wote kiganja kimoja. Kando ya kila picha kuna jina la kitaalamu, na nafasi ya Kiswahili imejazwa neno "papa", chini mpaka mwisho. Papa, papa, papa. Ni kama kuandika orodha ya wageni wa harusi, mtu, mtu, mtu.

Nilisogeza pua. Kitoto ana mkato mdogo nyuma ya jicho, kama tundu la kifungo lililoanza kuchanika. Wengine hawana. Nikapita safu kwa safu nikitazama macho. Safu ya nne, wa pili kutoka kulia.

"Huyu hapa," nikasema. "Huyu ndiye kitoto wako asiyekuwepo."

Bwana Rula akasoma maandishi madogo chini yake, urefu wa mkubwa kabisa. Hafiki mita moja. Akakaa kwenye kile kiti kimoja, kisha akakumbuka adabu akanyanyuka akanipa mimi.

Nilikuwa naweza kuishia hapo. Nikamweleza na habari ya kitovu, yote, na banda pia. Alisikiliza bila kuandika.

"Mama, ukiyasema haya kwenye kikao, watauliza umewapata wapi samaki hao. Umevunja amri. Utakuwa umejifunga mwenyewe."

"Nitajifungua mwenyewe."

Alicheka. Kumbe ana meno.

Jumanne, 16 Aprili

Dalali alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari. Alimsalimia mama mkwe kwa heshima zote, akakaa.

"Dada, yule mwenye mimba mlete kikaoni, tushinde sote. Yule mwingine mtupe. Ukimwonyesha, utatufungia riziki kwa mkono wako. Na mzigo wa meza namba saba unatoka kwangu, usisahau."

Nikamwambia sijasahau, wala jeneza sijasahau, lakini jeneza si hati ya kuninunua. Aliinuka taratibu. Ana huzuni kweli, nafikiri, na ataniadhibu kweli.

Mama mkwe alimrudishia sukari mlangoni. Baadaye akanilaumu kwamba sikuificha kwanza robo.

Jumatatu, 22 Aprili

Wifi amepita mbele ya nyumba bila kubisha hodi. Mvua imepungua.

Alhamisi, 25 Aprili

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani anaitafuta. Dalali alianza. Aliongea vizuri, kama kawaida yake: hakuna mtoto wa papa aliyewahi kuuzwa sokoni, ni neno tu limeeleweka vibaya, na Mama Kisu mwenyewe atathibitisha.

Nikasimama na ndoo yangu. Nikamweka kitoto mezani juu ya magazeti yao, nikafungua tumbo kwa mkato mmoja. Wakatoka watatu. Watu wa mbele wakasimama kuona.

"Mwenyekiti," nikasema, "tangu lini mtoto akabeba mimba?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, wapasuaji wakapiga vigelegele, mtu nyuma akapaza sauti, "Mama Kisu, wamalize!" Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka miwani ya kichwani ikamwangukia, akaipata. Dalali akaninong'oneza, na uso wake ulikuwa na upendo kabisa: "Kaa sasa, dada. Umeshashinda."

Ni kweli nilikuwa nimeshinda. Meza zote kumi na moja zilikuwa zimepona, ilibaki nikae tu. Miguu ilitaka kukaa. Naandika hili kwa sababu baadaye watu watasema nilikuwa jasiri, na ukweli ni kwamba nilitamani kile kiti kama mgonjwa anavyotamani kitanda.

Nikatoa wa pili kwenye ndoo, nikamgeuza chali.

"Huyu naye tunamwita kitoto," nikasema. "Huyu ana kitovu. Amezaliwa na papa mkubwa, hata wiki mbili hana. Nimewapata wote wawili beseni moja, kwenye banda, baada ya amri. Amri nimeivunja kwa miguu yangu. Na kwa miaka kumi na tisa nimewauza wote wawili kwa jina moja, nikaanzia kisu kwenye kitovu kwa sababu ni laini."

Mpasuaji mmoja akasema, "Mama Kisu, unatuua." Mwingine akaniita msaliti, nikamjibu asubiri zamu yake. Nilikuwa nimepandwa na hasira sasa, na hasira hunisaidia kusema vizuri.

"Mficha uchi hazai. Mnataka kutunyang'anya meza kwa sababu ya neno, mmekosea. Na sisi tukitaka kuzitunza kwa kulificha neno hilo hilo, tumekosea. Tupeni meza zetu. Mgumu nitampasua mbele ya yeyote, na rula yenu muiweke mfukoni, haijui kitu. Mwenye kitovu sitamgusa tena. Kumjua kunachukua kidole kimoja, na kidole ninacho. Mkizifuta meza, watoto hawa wataendelea kufa kwenye banda na hakutakuwa na mtu wa kuwageuza."

Kisha Bwana Rula akasimama bila kuitwa. Akasema, "Mwenyekiti, kosa la kwanza ni langu. Nilisikiliza jina, sikumgeuza samaki." Kijana yule nimemtukana sana kwenye kurasa za mwanzo, na sizichani, zikae hapo zinisute.

Waliamua saa kumi jioni. Meza zinabaki. Urefu hautatumika tena, kitatumika kitovu, na kila mpasuaji atageuza samaki wake mwenyewe. Banda limefungwa. Mimi nimesimamishwa siku kumi na tano kwa kuvunja amri. Nikasema sawa, ningejipa ishirini.

Kutoka nje hakuna mpasuaji aliyetembea nami. Wifi alikuwa amesimama na wenzake, akageuza uso.

Jumatatu, 13 Mei

Nimerudi mezani. Jua kali, sakafu imekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Salamu nilipewa za nusu mdomo.

Dalali alileta beseni lake la kwanza kwangu, makusudi, mbele ya wote. Papa ishirini na wanne. Nilifuta mikono, nikamgeuza wa kwanza nikapitisha kidole. Mgumu, huku. Mwepesi, kule. Nilipomaliza, kule walikuwa tisa.

"Hawa tisa wako," nikamwambia. "Waliokuvulia waambie wavute nyavu mbali na kina kifupi, papa wanakozalia."

"Mama Kisu, sigawi beseni. Unachukua lote au huchukui."

"Sichukui."

"Na kesho?"

"Kesho pia nina kidole."

Akarudisha wote ishirini na wanne ndani, akaliinua beseni, akahamia meza ya jirani. Meza namba nane. Wifi hajasema nami neno tangu kikao, na ana wale watatu shuleni, na mimi nimeshamwandika mwoga kwenye daftari hili kwa wino. Nilianza kupanga visu vyangu ili nisitazame.

Sikusikia kisu. Nikatazama. Wifi alikuwa amemshika papa wa kwanza chali kiganjani, kidole gumba kifuani, amefumba macho kama anayesikiliza. Akamweka kushoto. Wa pili, kulia. Wa tatu, kulia.

"Na wewe?" dalali akauliza.

"Mimi sijasema kitu, kaka. Nahesabu vitovu tu."

Alipofika tisa akawarudisha wote ndani, akalisukuma beseni likamrudia. Dalali akalibeba kuelekea meza namba tisa, na kabla hajafika, mwenye meza alikuwa ameshaweka kisu chini.